Ulimwengu Unaotamaniwa katika Tiba kwa Maigizo

Katika saikodrama, yaani tiba ambamo mtu huyaigiza masaibu yake badala ya kuyasimulia tu, jukwaa halifungwi na yale yaliyokwisha kutokea. Mwasisi wake, Jacob Levy Moreno, tabibu aliyezaliwa Bucharest mwaka 1889, akaongoza maigizo ya papo kwa papo jijini Vienna, kisha akahamia Marekani ambako mwaka 1936 alifungua hospitali ya magonjwa ya akili huko Beacon, New York, aliliita eneo hilo la jukwaani lililo nje ya mipaka ya matukio uhalisia wa ziada. Ndani yake marehemu huulizwa lile ambalo hakuulizwa akiwa hai, na mtu aliyelelewa kwa vipigo humteua mwanakikundi mmoja awe mzazi aliyestahili kuwa naye, akaketi mbele yake na kuyasikia maneno aliyonyimwa utotoni.

Shaka kwamba huko ni kumdanganya mgonjwa haifai kupuuzwa, ingawa anayeigiza anajua fika kuwa mzazi huyo ni mwenzake wa kikundini. Anachokipata kina uzito kuliko faraja: aliyezoea kusema kwamba utoto wake ulikuwa mbaya hulazimika sasa, anapomwelekeza mwenzake huyo la kusema, kutaja bayana kilichokosekana, kiwe ulinzi, msamaha au kuitwa tu jina lake kwa upole.

Augusto Boal wa Brazil (1931–2009), mwasisi wa maigizo ya wanaokandamizwa, aliuendea ulimwengu unaotamaniwa kwa njia nyingine. Washiriki huipanga miili ya wenzao iwe picha ya dhuluma ilivyo, kisha picha ya hali wanayoitamani, halafu hutakiwa kuonyesha picha za katikati, yaani hatua za kutoka hapa kufika kule. Hizo za katikati ndizo ngumu kuliko zote, na ndizo zenye tiba, kwa kuwa hapo hudhihirika nani atapinga na mshiriki mwenyewe anaogopa nini.

Katika saikodrama nako, mwongozaji anayekifunga kikao mara tu baada ya kumbatio la mzazi wa kufikirika humrudisha mgonjwa mikono mitupu kwenye nyumba ambamo mzazi halisi hajabadilika. Ndiyo maana saikodrama humalizikia kwa kushirikishana, hatua ambamo wanakikundi hawamchambui wala kumshauri aliyeigiza, bali kila mmoja hueleza ni wapi kisa kile kimeyagusa maisha yake.