Programu huria ni bure, lakini ina mwenyewe

Tarehe 14 Februari 2024, Mahakama ya Rufaa ya Paris iliiamuru kampuni ya simu ya Orange kuilipa Entr'ouvert, kampuni ndogo ya ushirika ya nchini Ufaransa, fidia ya zaidi ya yuro 600,000. Orange ni jina linalofahamika pia katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako inaendesha mtandao wa simu za mkononi. Kilichozifikisha kampuni hizo mbili mahakamani ni programu ya kompyuta iitwayo Lasso, ambayo mtu yeyote angeweza kuipakua kwenye intaneti bila kulipa hata senti moja.

Inakuwaje basi kampuni itozwe fedha nyingi kiasi hicho kwa kutumia kitu kinachotolewa bure? Jibu la swali hilo linazigusa kampuni nyingi kuliko zinavyodhani, zikiwemo kampuni changa za Kigali, Bujumbura, Kampala, Nairobi na Dar es Salaam zinazojenga mifumo ya malipo, ya hospitali na ya shule juu ya msingi wa programu za aina hiyo.

Kesi ya miaka 13

Lasso humwezesha mtumiaji kujitambulisha mara moja tu, kisha akaingia katika huduma kadhaa za mtandaoni bila kuandika neno la siri upya kila mara. Entr'ouvert iliitoa kwa njia mbili. Aliyekubali masharti ya leseni maarufu iitwayo GPL aliichukua bure. Ambaye masharti hayo hayakumfaa aliweza kununua leseni ya kibiashara.

Mwaka 2005 Orange, ambayo enzi hizo ilijulikana kama France Télécom, ilishinda zabuni ya serikali ya Ufaransa iliyohusu tovuti ya kuwapatia raia huduma za umma. Ndani ya programu iliyoikabidhi serikali ilikuwamo Lasso, ikiwa imebadilishwa na kuunganishwa na kazi ya Orange yenyewe. Mahakama iliona kwamba masharti ya GPL hayakutimizwa. Na kwa kuwa leseni ya kibiashara nayo haikununuliwa, kampuni hiyo ilibaki haina ruhusa yoyote ya kuegemea.

Kesi ilifunguliwa mwaka 2011. Sehemu kubwa ya miaka iliyofuata ilipotea katika hoja moja ya kisheria: je, anayekiuka leseni ya programu huria amevunja mkataba tu, au ameingilia hakimiliki ya mwandishi? Mahakama za chini ziliegemea upande wa mkataba. Tarehe 5 Oktoba 2022 mahakama ya juu kabisa ya Ufaransa katika kesi za madai ilitengua uamuzi huo, na shauri liliporudi kwenye Mahakama ya Rufaa likaamuliwa kama kesi ya hakimiliki. Tofauti hiyo si ya wanasheria peke yao. Mwenye hakimiliki anaweza kudai hasara aliyoipata na hata sehemu ya faida iliyotokana na kazi yake.

Ufaransa haikuwa ya kwanza kufika hapo. Mwaka 2004 mahakama ya Munich, Ujerumani, ilithibitisha kwamba masharti ya GPL yana nguvu ya kisheria, katika shauri lililofunguliwa na mtaalamu mmoja wa Linux dhidi ya kampuni ya vifaa vya mtandao, Sitecom. Nchini Marekani, mahakama ya rufaa ilifikia msimamo unaofanana mwaka 2008, katika kesi ambayo chanzo chake kinaweza kumchekesha msomaji: programu ya kuendeshea treni ndogo za burudani, zile ambazo watu wazima huzipanga vyumbani mwao.

Ruhusa na masharti yake

Programu huria ni ile ambayo msimbo wake, yaani maagizo yaliyoandikwa na binadamu kabla ya kugeuzwa kuwa lugha ya mashine, umewekwa wazi ili wengine wausome, wautumie, waubadili na kuugawa. Simu zote za Android zimejengwa juu ya Linux, ambayo ni programu huria, na sehemu kubwa ya kompyuta zinazohudumia tovuti duniani hutumia Linux hiyo hiyo.

Kuwekwa wazi hakuondoi umiliki. Sheria za hakimiliki za Tanzania ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001 na Uganda ya mwaka 2006 zote zinaitaja programu ya kompyuta miongoni mwa kazi zinazolindwa. Anayeandika msimbo ni mmiliki wake tangu siku ya kuuandika, na leseni ni ruhusa anayowapa wengine kwa masharti aliyoyachagua. Asiyetimiza masharti hana ruhusa, na hali yake ni ile ile ya mtu anayechapisha kitabu cha mwenzake bila idhini. Jambo ambalo vijana wengi wa fani hii hawalijui ni kwamba msimbo uliokutwa mtandaoni bila leseni yoyote ndio wenye mashaka zaidi, maana hapo hakuna ruhusa iliyotolewa kabisa.

Leseni hizo ni nyingi, lakini kwa mfanyabiashara zinagawanyika katika makundi makuu mawili. Kundi la kwanza, lenye leseni kama MIT, BSD na Apache, linadai kidogo sana: jina la mwenye hakimiliki na maandishi ya leseni yabaki pamoja na bidhaa. Hata sharti hilo jepesi husahauliwa mara nyingi. Kundi la pili linaongozwa na GPL, iliyobuniwa na Mmarekani Richard Stallman na kutolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1989. Hili humtaka anayempa mtu mwingine programu hiyo, ikiwa imebadilishwa au la, ampe pia msimbo wake pamoja na uhuru ule ule alioupokea yeye.

Neno zito katika sharti hilo ni kumpa mtu mwingine. Benki inayotumia programu ya GPL kwenye kompyuta zake yenyewe haidaiwi kitu, hata ikiibadilisha ipendavyo. Wajibu unaanza pale programu inapovuka mlango: inapowekwa kwenye kompyuta ya mteja, inapopakiwa katika duka la programu za simu, au inapouzwa ndani ya kifaa. Kwa miaka mingi kampuni zilizotoa huduma kupitia tovuti zilisema programu zao hazivuki mlango wowote, kwani mteja anaona ukurasa tu. Ndiyo sababu mwaka 2007 ilitolewa leseni ya AGPL, ambayo inamtaka anayeibadilisha programu na kuitumia kuwahudumia watu kupitia mtandao awape watumiaji hao nafasi ya kuupata msimbo.

Muuzaji wa mwisho ndiye anayedaiwa

Mwishoni mwa mwaka 2002 kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta, yaani kifaa cha kusambaza intaneti nyumbani, kwa jina la WRT54G. Iliuzika sana. Mwaka uliofuata wataalamu walioifungua na kuichunguza waligundua kwamba ndani yake kulikuwa na Linux, na wanunuzi hawakuwa wamepewa msimbo wake. Wakati huo huo kampuni kubwa ya Cisco ilikuwa imeinunua Linksys kwa dola milioni 500, ikaurithi mgogoro pamoja na kiwanda.

Asili ya tatizo ndiyo yenye funzo kwa wafanyabiashara wa kanda hii. Programu ile ilikuja pamoja na vipuli vya kielektroniki vya kampuni nyingine, Broadcom, ambayo nayo ilikuwa imewapa kazi ya kuiandaa watu wa Taiwan. Kila aliyepokea alimwamini aliyemtangulia. Hata hivyo dai halikwenda Taiwan. Lilikwenda kwa yule ambaye chapa yake ilikuwa juu ya boksi.

Msimbo ulitolewa mwaka 2003, na mwaka 2004 kutokana nao ulizaliwa mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo unawawezesha watu kuzipa uhai mpya ruta za zamani. Mgogoro haukuishia hapo. Desemba 2008 taasisi ya Free Software Foundation iliishitaki Cisco kuhusu bidhaa nyingine za Linksys. Pande hizo zilipatana Mei 2009, Cisco ikakubali kumteua ofisa wa kusimamia utekelezaji wa leseni na kutoa mchango wa fedha kwa taasisi hiyo.

Mfanyabiashara anayeagiza ruta, kamera za ulinzi au ving'amuzi kutoka ng'ambo na kuvibandika chapa ya kampuni yake amesimama mahali pale pale aliposimama Linksys. Kusema kwamba kiwanda hakikumwambia si utetezi. Njia ya busara ni kudai msimbo na maandishi ya leseni kabla ya kulipa awamu ya mwisho, maana baada ya hapo kiwanda hakina sababu ya kujibu barua pepe.

Sisi pia ni wamiliki

Ni makosa kuliona suala hili kama mzigo unaoletwa kutoka mbali. Ushahidi, mfumo wa kukusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani, ulizaliwa Kenya wakati wa machafuko ya baada ya uchaguzi, mapema mwaka 2008, na ukatumika Haiti baada ya tetemeko la ardhi la mwaka 2010. Msimbo wake uko chini ya AGPL. Shirika lolote, la Ulaya au la Amerika, likiubadilisha na kuwahudumia watu kwa njia ya mtandao, linapaswa kuwafungulia watumiaji hao kile lilichokiongeza. OpenMRS, mfumo wa kuhifadhi kumbukumbu za wagonjwa uliokwisha kutumika Kenya na Rwanda tangu mwaka 2006, nao una leseni yake. Na tusisahau kwamba katika kesi ya Paris aliyelindwa na leseni alikuwa mdogo, dhidi ya kampuni inayofanya biashara katika mabara kadhaa.

Kuzitii leseni hizi hakugharimu sana ikiwa kazi hiyo inafanywa tangu mwanzo. Msingi wake ni orodha: kila kipande cha programu kilichochukuliwa nje, jina lake, toleo lake, leseni yake na mahali kilipotoka. Kampuni iliyo na orodha hiyo hujibu swali la mteja kwa siku moja. Isiyo nayo hulazimika kuchimbua kazi ya miaka mitano, pengine iliyoandikwa na vijana waliokwisha kuhama. Tangu mwaka 2020 upo utaratibu wa kimataifa wa usimamizi huu, unaojulikana kama ISO/IEC 5230, na sheria mpya ya Umoja wa Ulaya kuhusu usalama wa bidhaa za kidijitali, iliyopitishwa mwaka 2024, itawataka watengenezaji wanaouza huko wawe na orodha ya namna hiyo. Masharti yake makuu yataanza kutumika Desemba 2027. Lengo la sheria hiyo ni usalama, lakini karatasi itakayotumika ni ile ile.

Anayepata barua ya kulalamikiwa hana haja ya kuogopa kupita kiasi. Taasisi kubwa zinazotetea programu huria zimetamka kwamba shabaha yao ya kwanza ni masharti kutimizwa, na fedha hufuata baadaye. Wamekuwepo wachache waliogeuza madai kuwa biashara, hasa Ujerumani, lakini wenzao wenyewe waliwapinga. Toleo la tatu la GPL, la mwaka 2007, linampa aliyekosea kwa mara ya kwanza siku 30 tangu apokee taarifa: akirekebisha kosa ndani ya muda huo, ruhusa yake inarudi kikamilifu. Mwaka 2017 watengenezaji wengi wa Linux, inayotumia toleo la pili lisilo na msamaha huo, walitangaza kwamba nao wataufuata. Hesabu ya siku huanzia pale barua inapopokelewa, na barua iliyolala wiki sita kwenye droo ya mhasibu imekwisha kuimaliza nafasi hiyo.