Sarafu kuukuu Taita Taveta zisisuguliwe

SARAFU iliyolala ardhini kwa zaidi ya karne moja haifai kusuguliwa kwa limau, ukwaju wala jivu, ijapokuwa ndivyo vyombo vya shaba hung'arishwavyo nyumbani.

Ukali wa vitu hivyo huondoa kutu pamoja na maandishi, na sarafu isiyo na maandishi haielezi tena ilikotoka.

Jambo hili ni zito katika Kaunti ya Taita Taveta, ambako Waingereza na Wajerumani walipambana katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia.

Wajerumani waliteka Taveta Agosti 1914 na kuishikilia hadi Machi 1916. Waingereza walijenga reli kutoka Voi kupitia Maktau kuelekea huko, lakini Februari 12, 1916 wakashindwa katika kilima cha Salaita.

Sarafu za pande zote mbili zilikuwa na taji, na baadhi zilikuwa na tundu katikati. Hivyo, tundu pekee si kitambulisho.

Senti za Waingereza zenye tundu zina pembe za ndovu na maneno "East Africa & Uganda Protectorates". Heller za Wajerumani, ambazo 100 zilifanya rupia moja, zimeandikwa "Deutsch Ostafrika".

Kipande cha duara chenye kitanzi nyuma huenda kikawa kifungo cha sare ya askari.

Kabla ya kusafisha, piga picha na uandike mahali hasa kilipopatikana. Kisha loweka sarafu katika maji ya mvua, ukiyabadilisha kila siku, na uondoe udongo kwa kijiti laini cha mti. Ikaushe kivulini.

Kutu ngumu ya kijani iachwe, kwani huilinda shaba. Unga wa kijani hafifu unaozidi kuenea ni dalili ya chumvi inayoila sarafu. Hiyo isiloweshwe, bali itunzwe pakavu na kupelekwa kwa mtaalamu.

Wanaotumia mashine za kutambua metali wakumbuke kwamba hailii kwa sarafu pekee. Risasi au kombora lisiguswe, polisi waarifiwe.

Aidha, Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya 2006 inahitaji leseni kwa anayetafuta mali kale iliyofukiwa. Anayevumbua kitu chenye umuhimu wa kiakiolojia hana budi kuarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7, akieleza mahali na jinsi alivyokipata.