Tope la Ziwani na Maji ya Jikoni

Maji mengi yatumikayo majumbani mjini Kampala huvutwa Ggaba, katika Ghuba ya Murchison. Chini ya maji hayo pana tope laini. Likitazamwa kwa darubini, kijiko kimoja tu huonyesha maganda yasiyohesabika ya diatomu, yaani mimea midogo mno ya majini ijijengeayo nyumba ya kioo kwa madini ya silika.

Diatomu ikifa, mwili huoza na nyumba hubaki. Kwa hiyo sakafu ya ziwa, kama sakafu ya bahari inayoizunguka Antaktika, ina wakazi wa namna mbili: walio hai juu kabisa, na wafu wengi chini yao. Kuwatenganisha si kazi nyepesi. Wataalamu wanaohesabu foraminifera wa bahari za baridi hulitia tope rangi ya waridi. Aliye hai hukolea, ganda tupu halikolei. Lakini aliyekufa juzi naye hukolea, akahesabiwa miongoni mwa walio hai!

Katika Ziwa Viktoria wafu ndio wenye habari nyingi. Bomba refu huzamishwa topeni likatoa kipande mfano wa muwa, juu tope la jana, chini la kale. Hivyo ndivyo ilivyofahamika kwamba ziwa lote lilikauka zaidi ya miaka 15,000 iliyopita, maana chini kabisa ulikutwa udongo mkavu wenye mizizi ya majani.

Habari za karibu ni nzito zaidi. Utafiti uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa tangu miaka ya 1930 mimea ya ziwani ilizidi kadiri watu na mashamba yalivyoongezeka kandokando, na tangu mwanzo wa miaka ya 1960 maji ya kina yakakosa oksijeni. Silika ikapungua. Diatomu nene za Aulacoseira zikawapisha wembamba wa Nitzschia, kisha ukatamalaki mwani wa kijani-buluu usiohitaji kioo chochote.

Mwani huo huonekana kama rangi iliyomwagwa ghubani, ambako Mfereji wa Nakivubo huleta uchafu wa jiji, na mafunjo yaliyokuwa yakiuchuja yamefyekwa kupandwa magimbi. Baadhi yake hutoa sumu. Mama atekaye maji ufukoni na afahamu kwamba kuchemsha huua vijidudu vya maradhi, lakini sumu hiyo haiondoki kwa moto. Maji ya kijani yasitekwe, wala mbuzi wasinyweshwe. Ya bomba, yaliyokwisha kusafishwa mtamboni, ni afadhali, nayo yachemshwe kama kawaida.