Mbunge Anapohama Chama (2): Kiti ni cha Nani?

Wiki iliyopita tuliishia Arusha, Juni 2013, Mchungaji Christopher Mtikila alipoishinda Serikali ya Tanzania katika Mahakama ya Afrika kwenye shauri la mgombea binafsi. Katiba haikubadilika. Hadi leo hakuna anayegombea ubunge ila kwa tiketi ya chama, na Ibara ya 71 inasema kwamba mbunge akiacha uanachama wa chama kilichompeleka bungeni, kiti hana tena. Wananchi wanarudi kituoni.

Inasikika kama haki tupu. Lakini sheria ya aina hii tuitazame ilivyozaliwa kwa jirani zetu.

Aprili 1966, Jaramogi Oginga Odinga alijiuzulu umakamu wa rais wa Kenya, akatoka KANU na kuongoza chama kipya, KPU. Wabunge kadhaa wakamfuata. Kabla mwezi haujaisha, Katiba ilikuwa imekwisha rekebishwa: anayehama akaombe kura upya. Baadhi ya waliohama walipoona hivyo wakataka kurudi KANU, lakini walikuwa wamechelewa. Juni ukafanyika ule uchaguzi ambao Wakenya huukumbuka kama uchaguzi mkuu mdogo. Kati ya viti 29, KPU ilipata 9. Odinga alirudi na kiti chake cha Bondo. Bildad Kaggia akaanguka Kandara. Miaka mitatu baadaye KPU ikapigwa marufuku. Sheria ile ilitungwa kwa ajili ya watu fulani, wakiwa wanajulikana kwa majina, na waliokuwa na dola mkononi.

Kwetu ilitumika kinyumenyume. Kuanzia mwishoni mwa 2017 ulizuka msemo wa "kuunga mkono juhudi" za Rais Magufuli. Desemba mwaka huo Maulid Mtulia wa CUF, Kinondoni, na Dk. Godwin Mollel wa Chadema, Siha, walijiuzulu na kujiunga na CCM. CCM ikawasimamisha wao wao, majimbo yale yale, na tarehe 17 Februari 2018 wakashinda. Mwita Waitara wa Ukonga akafuata njia hiyo. Septemba 2018 alikuwa ameshinda, na kabla mwaka haujakwisha akawa naibu waziri. Temeke mambo yalikuwa mafupi zaidi: Abdallah Mtolea alipita bila kupingwa. Uchaguzi mdogo uliowekwa ili mwananchi amhukumu mhamaji, na mwananchi mwenyewe hakuona hata karatasi ya kura!

Kuna upande mwingine wa sheria hii ambao husahaulika. Inakipa chama kamba ya kumfunga mbunge shingoni. Mwaka 1968 TANU iliwavua uanachama wabunge kadhaa, nao wakapoteza viti. Hawakuwa wamehamia popote, maana chama kilikuwa kimoja. Enzi za vyama vingi, NCCR-Mageuzi ilipomfukuza David Kafulila mwaka 2011, alikimbilia mahakamani, na huko ndiko kiti chake cha Kigoma Kusini kilikosalimika.

Basi msimamo wangu ni huu. Aliyerudisha kadi kwa hiari yake akaombe kura upya. Aliyefukuzwa abaki na kiti chake, kwa sababu viongozi wa chama si wapiga kura wa jimbo.

Wapo wanaotaka mhamaji asiruhusiwe kabisa kugombea katika uchaguzi mdogo aliousababisha. Nami niliwahi kufikiri hivyo, mpaka nilipomkumbuka Odinga: kwa kanuni hiyo Bondo wangenyimwa mtu waliyemtaka. Heri agombee, ila sheria imzuie kupewa uwaziri, ukuu wa mkoa au cheo chochote cha kuteuliwa mpaka Bunge hilo livunjwe. Odinga asingepungukiwa kitu kwa sharti hilo, kwa kuwa alikuwa anauacha ulaji. Anayeufuata ndiye litakayemuuma.

Najua kanuni yangu kuhusu waliofukuzwa ina mtihani mgumu: wanawake 19 wa viti maalumu ambao Chadema iliwafukuza Novemba 2020, nao wakaendelea kukaa bungeni. Hao hawakuwa na jimbo wala wapiga kura wa kurudi kwao. Nitawajadili wiki ijayo.