Bonsai ya Miti ya Mlima Elgon

Bonsai ni mti wa kawaida unaodumazwa ndani ya chungu kwa kupogolewa matawi na mizizi. Ufundi huu ulianzia China, ukakomaa Japani. Anayeishi Kitale au Bungoma hana haja ya kuagiza miche ng'ambo, kwani Mlima Elgon una miti miwili ya asili inayostahimili baridi: mtarakwa na podo.

Podo ndiyo inayomfaa zaidi anayeanza. Hukubali mkasi na huchipua upya. Mtarakwa una uzuri wa pekee: gome huchanika nyuzinyuzi, na majani machanga yanayochoma kama sindano hugeuka magamba laini mti ukikomaa. Lakini hausamehe. Tawi lililonyolewa majani yote hufa, hivyo lazima kijani kiachwe kwenye ncha.

Miche inunuliwe kitaluni. Kung'oa msituni bila kibali ni kosa. Chungu kiwe na matundu, na udongo uchanganywe na kokoto ndogo ili maji yasituame, maana mizizi huoza upesi. Mizizi ikatwe mvua za masika zinapoanza, na mtarakwa usipunguziwe zaidi ya theluthi moja. Waya wa kukunjia matawi ukaguliwe mara kwa mara na kutolewa kabla haujazama kwenye gome.

Mti ukae nje, juani. Bungoma, iliyo chini na yenye joto kuliko Kitale, chungu hukauka haraka. Udongo uguswe kwa kidole kila asubuhi.