Kadi nyingi, simu chache: tuhesabu kabla ya kuuza karanga

Ndugu wakulima, wamama na wababa wa kooperative za Kazimia, siku hizi tunasikia kwenye redio na katika mikutano ya miradi kwamba Wakongomani karibu nusu wana simu. Kisha mpango unafuata: bei ya karanga itatumwa kwa mesaji, malipo yatapita kwa M-Pesa, habari ya mvua itafikia kila memba. Mpango wenyewe si mbaya. Lakini ile nusu imetoka wapi? Na ni nusu ya nani?

Simu ya mkononi si kitu kipya katika inchi yetu. Telecel ilianza kazi Kinshasa mwishoni mwa miaka ya 1980, wakati wa Zaire, mbele ya inchi nyingi za Afrika. Zilikuwa simu za wakubwa wa Leta na matajiri. Huku kando ya ziwa, mtu akitaka kujua kama mihogo yake imefika Uvira alituma barua kwa boti, ao alienda kwenye foni, akangoja zamu yake, akasema kwa sauti kubwa. Bei yake ilisikiwa na kila mtu aliyekaa pale, washindani wake pia.

Mwaka 2000, ukichukua Wakongomani 100, hata kadi moja nzima haikupatikana kati yao. Celtel ikaingia mwisho wa mwaka huo (ndiyo baadaye iliitwa Zain, kisha Airtel), Vodacom ikafuata 2002. Kufika 2010 tulikuwa bado chini ya kadi 20 kwa watu 100. Miaka hii ya karibuni tumekaribia 50. Ni mwendo mkubwa, hatuukatai. Ila Tanzania ng'ambo ya ziwa wako juu yetu mbali, na Kenya wamepita 100 kwa watu 100.

Hapo mkulima anayejua kuhesabu magunia atauliza: namna gani watu 100 wawe na zaidi ya simu 100, na watoto wachanga wamo ndani? Jibu ni kwamba hawahesabu watu. Wanahesabu kadi zilizotumika katika miezi mitatu iliyopita. Mtu mwenye kadi ya Airtel, ya Vodacom na ya Orange, kwa sababu rezo moja inashika sokoni na nyingine inashika kule juu shambani, anaingia hesabuni mara tatu. Jirani yake asiye na kitu anaingia sufuri. Ukigawanya, kila mmoja anaonekana ana kadi moja na nusu! Na ndugu waliorudi kutoka Nyarugusu, tangu boti za HCR zilipoanza kuwaleta Baraka 2005, kama bado wanatumia kadi za kule, hao wanahesabiwa Tanzania.

Kuna shida nyingine ambayo watu hawaisemi sana. Hesabu hii inagawanywa kwa idadi ya wakaaji wa inchi, na Kongo haijahesabu watu wake tangu 1984. Kwa hiyo hata kile tunachogawanya nacho ni makadirio.

Mstari wenyewe haukupanda siku zote. Katikati ya miaka ya 2010, kadi zisizoandikishwa ziliagizwa kukatwa, na hesabu ikashuka. Watu walikuwa walewale, mashamba yalewale. Kisha 2020 ikaja taksi ya RAM, iliyokula inite za watu: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo ya 2G, dola 7 kwa ile ya 3G ao 4G. Wananchi walilia sana mpaka ikaondolewa 2022. Kwa anayeuza mihogo kwa bakuli, dola 1 si kitu cha kuchezea.

Sisi maagronomu tunaona hatari ni hii. M-Pesa ilifika Kongo 2012, na kulipa kwa simu kunapunguza kutembea na pesa njiani ao katika boti. Ni faida kubwa. Lakini mama aliyepanda, aliyepalilia na kuchambua karanga, kama hana simu, kooperative itaandika namba ya bwana yake ao ya kijana wake. Mesaji ya malipo itasomwa na mwingine. Mama atauliza, ataambiwa "rezo haipo". Kwenye karatasi ya mradi yeye amelipwa. Na kwa mesaji ya mvua ni vilevile: inamfikia mwenye simu iliyo na moto, si lazima yule anayeshika jembe.

Kwa hiyo, mbele ya kukubali mpango wowote wa simu, komite ichukue kaye na kuuliza memba mmoja mmoja, wala si kwa kunyoosha mikono, maana watu wanaona haya. Simu ni yako mwenyewe ao ya nyumba? Nani anaishika mchana? Unachaji wapi, na mara ngapi kwa juma? Rezo gani inafika shambani kwako? Unasoma mesaji mwenyewe ao unasomewa? Kadi hata zikiwa tatu, andikeni mtu mmoja. Wamama waulizwe peke yao, na mama mwenzao ndiye aandike.

Asiye na simu achague mwenyewe namba ya kupitishia pesa zake, na kiasi kisomwe kwa sauti siku ya malipo, yeye akiwa pale. Anayetaka kulipwa franka mkononi alipwe hivyo, na mradi ukikataa, ulizeni kwa nini. Muulizeni pia ajenti wa sokoni kama siku hiyo atakuwa na franka za kutosha, kwa sababu namba iliyo ndani ya simu hainunui chumvi. Kaye hiyo ibaki kwa sekreteri, na irudiwe kila mwanzo wa musimu A, maana simu zinaharibika, zinaibiwa, na nyingine zinauzwa mtoto akigonjwa.