Kisiwa Kidogo, Moshi Unaopanda: Mwelekeo wa Gesi Joto Nchini Maldivi

Utangulizi

Visiwa vya Maldivi vinapotajwa, aghalabu hutajwa kama kielelezo cha maangamizi yajayo. Ni nchi ya visiwa vipatavyo 1,190 vya matumbawe katika Bahari Hindi, na takriban asilimia 80 ya ardhi yake haifiki mita moja juu ya usawa wa bahari. Tarehe 17 Oktoba 2009, Rais Mohamed Nasheed na mawaziri wake walivaa mitungi ya hewa, wakazama, na wakiwa chini ya maji wakatia saini waraka wa kuutaka ulimwengu upunguze gesi joto. Picha ya kikao hicho ilienea kote duniani. Lisilosemwa sana ni kwamba gesi joto zinazotolewa na nchi hiyo hiyo zimekuwa zikiongezeka muongo baada ya muongo tangu miaka ya 1990. Je, tuseme nyani haoni kundule? Makala haya yanalenga kueleza mwelekeo huo, vyanzo vyake na jinsi unavyofaa kusomwa. Tunashikilia kwamba ongezeko hili si ushahidi wa unafiki, bali ni alama ya gharama ya kuishi mahali pasipo mto, msitu wala gridi moja ya umeme.

Suala la istilahi

Kabla ya kuzitazama tarakimu, ni muhimu tuafikiane kuhusu maneno. Gesi joto ni zile gesi zinazonasa joto linalopaa kutoka ardhini na kulizuia lisipotelee angani. Kuu miongoni mwazo ni hewa ukaa, methani na nitrasi oksaidi. Magazeti na redio zetu hupenda kuziita kwa jumla "hewa chafu". Msamiati huu unapotosha. Hewa ukaa haina rangi wala harufu. Sisi wenyewe huitoa kila tupumuapo, na mimea haiwezi kuishi bila hiyo. Tatizo lake si uchafu bali ni wingi. Tofauti hii si ya kimaneno tu. Neno "uchafu" humhukumu papo hapo anayeutoa, ilhali neno "wingi" hutulazimu kuuliza: ni kiasi gani, ni cha nani, na kimetolewa kwa ajili ya nini? Maswali haya matatu ndiyo yatakayotuongoza.

Ni kiasi gani?

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, gesi joto za Maldivi zilikuwa chini ya tani 300,000 kwa mwaka. Kufikia mwaka 2015 zilikuwa zimefika takriban tani milioni 1.5. Kwa mtazamo huu, kiasi hicho kimeongezeka zaidi ya mara tano katika muda wa kizazi kimoja. Hata hivyo, katika mchango uliowasilishwa kwa Umoja wa Mataifa mwaka huo wa 2015, serikali ya nchi hiyo ilieleza kwamba sehemu yake katika jumla ya dunia ilikuwa asilimia 0.003. Kauli zote mbili ni za kweli. Msomi anayenukuu ya kwanza pekee ataiona Maldivi kama mkosaji, naye anayenukuu ya pili pekee ataiona kama malaika.

Kuna kipimo cha tatu, nacho ni kiasi kwa kila mtu. Tukigawanya jumla ya mwaka 2015 kwa idadi ya wakazi, kila mmoja anapata tani tatu na ushei. Hewa ukaa itokanayo na mafuta na makaa nchini Kenya haifiki nusu tani kwa kila mtu. Mbona wakaazi wa visiwa vidogo wawe na mzigo mkubwa kuliko sisi?

Vyanzo vya ongezeko

Jibu la kwanza linapatikana katika jiografia. Kenya ina mto Tana na mvuke wa Olkaria, hivyo sehemu kubwa ya umeme wetu haitokani na mafuta. Maldivi haina mto hata mmoja. Isitoshe, watu wake wametawanyika katika visiwa vinavyokaribia 200, na aghalabu kila kisiwa huwa na jenereta zake za dizeli. Mafuta hayo yote huagizwa kutoka nje, kisha husambazwa kwa vyombo vya majini ambavyo navyo huchoma mafuta.

Jibu la pili ni maji. Jiji la Malé hutegemea maji ya bahari yaliyotolewa chumvi kwa mitambo, na mitambo hiyo hula umeme mwingi. Mnamo Desemba 2014, moto ulipozuka katika kituo cha maji cha jiji hilo, wakazi walikosa maji ya mfereji, na India ikalazimika kuwapelekea maji kwa ndege na meli. Mtu anapofungua bomba huko Malé, kwa hakika anafungua pia dizeli.

Jibu la tatu ni utalii, ulioanza mwaka 1972. Utaratibu uliozoeleka ni kisiwa kimoja, hoteli moja, na hoteli hizo kwa kawaida hujitegemea kwa umeme, maji na usafiri. Mwaka 2024 nchi hiyo ilipokea zaidi ya watalii milioni mbili, ilhali sensa ya 2022 ilionyesha wakazi wapatao 515,000. Viyoyozi vya wageni hao vimo katika jumla ya gesi, lakini wageni wenyewe hawamo katika idadi ya wakazi inayotumiwa kuigawanya. Kwa hivyo, zile tani tatu na ushei si za mvuvi wa Maldivi peke yake.

Kinachohesabiwa na kisichohesabiwa

Fauka ya hayo, kanuni za kimataifa za kuhesabu gesi joto haziingizi mafuta ya safari za ndege na meli za kimataifa katika jumla ya nchi yoyote, huripotiwa kando. Ndege inayomleta mtalii kutoka Ulaya haimo katika hesabu ya Maldivi, wala haimo katika hesabu ya nchi aliyotoka. Inatupasa kuutambua ukimya huu wa takwimu jinsi tunavyoutambua ukimya wa mhusika katika riwaya: asiyesema hakosi kuwapo.

Ahadi na utekelezaji

Mnamo Machi 2009, Rais Nasheed alitangaza kwamba nchi yake ingefikia usawa wa hewa ukaa katika muda wa miaka kumi. Aliondoka madarakani Februari 2012, na lengo hilo halikufikiwa. Mwaka 2020 serikali ya Rais Ibrahim Mohamed Solih iliahidi kupunguza gesi kwa asilimia 26 ifikapo 2030, na hata kufikia usawa huo ikiwa ingepata msaada wa kutosha kutoka nje. Mwaka 2023 Rais Mohamed Muizzu naye aliahidi kwamba asilimia 33 ya umeme ingetokana na nishati jadidifu ifikapo 2028. Paneli za sola zimeongezeka, lakini ardhi ni finyu na mtaji ni ghali. Ahadi ni deni, ila deni hili lina wadhamini wengi, na baadhi yao hawajalipa.

Hitimisho

Yatupasa tukiri ukweli mchungu: hata Maldivi ikizima kila jenereta leo, bahari haitashuka kimo hata kwa unywele. Basi kwa nini ipunguze? Kwanza, dizeli inaifilisi. Kila bei ya mafuta inapopanda duniani, umeme, maji na samaki hupanda pamoja nayo. Pili, mwenye kudai haki husikika vyema zaidi mikono yake inapoonekana ikifanya kazi.

Suala hili linatuhusu pia. Mnamo Novemba 2009, Kenya, Tanzania na Rwanda zilikuwa miongoni mwa mataifa 11 yaliyokutana katika kisiwa cha Bandos, huko huko Maldivi, na kuunda jukwaa la nchi zilizo hatarini zaidi kutokana na mabadiliko ya tabianchi. Wengi wa wasemaji wa Kiswahili watapata habari za majadiliano hayo kupitia tafsiri za wanafunzi na wahadhiri wa lugha hii. Tunapotafsiri "wingi" kuwa "uchafu", au tunaponukuu jumla bila kutaja idadi ya watu na kilichoachwa nje ya hesabu, tunatoa hukumu kabla ya kusikiliza kesi. Wahenga walinena kuwa mdharau mwiba mguu huota tende. Tusidharau tarakimu ndogo za nchi ndogo, wala maneno madogo tunayozielezea kwayo.